Mlima Uliogeuka Kichuguu

Swali: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wa nne napiga picha za mandhari. Kila nikipata siku mbili tatu natoka, wala simwambii mtu ninakokwenda: leo mlimani, safari ijayo kwenye maporomoko, nyingine ufukweni. Raha yangu kubwa ni kufika mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Shida huanza nikirudi. Nafungua picha naona ni zile zile za kila mtu, na mlima ulioniacha mdomo wazi umegeuka kichuguu. Juzi rafiki yangu kaniambia mimi si mpiga picha, ni mtembezi mwenye kamera. Imeniuma kweli. Niende mbali zaidi? Ninunue lenzi pana kuliko hii ya milimita 24 niliyonayo? Au nikubali tu kwamba sina kipaji? Nimeambatanisha picha tatu. Ile ya tatu uniwie radhi, niliipiga saa 10 jioni nikiwa nimekaa napumzisha miguu.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na huyo rafiki yako, maana nahisi barua yako yote imetokana na neno lake. Alitaka kukuchoma, lakini bila kujua amekuweka kwenye kundi la watu wazito. Waliotangulia katika kazi hii wengi wao walikuwa watembezi kwanza. Carleton Watkins, Mmarekani, alipoingia bonde la Yosemite huko California mwaka 1861 alikuwa na kamera ya mabamba ya kioo ya karibu sentimita 46 kwa 56, bamba moja kama kidirisha. Na enzi hizo bamba lilipakwa dawa papo hapo, likapigwa picha likiwa bado bichi, likasafishwa kabla halijakauka. Kwa hiyo alibeba na hema la giza, na chupa za dawa, na vioo vyenyewe, vyote migongoni mwa nyumbu, kwenye njia ambazo wewe na mimi tungelalamika tukiwa na begi moja tu. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kulilinda bonde hilo, wala hakuwahi kufika huko. Watu wa upande wake, mashariki ya Marekani, walikuwa wamekwisha kuliona kwenye picha za Watkins.

Vittorio Sella, Mwitaliano, alipanda Ruwenzori mwaka 1906 pamoja na msafara wa Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia. Milima ile hujifunika mawingu siku nyingi kuliko inavyojifunua, na yeye alikuwa na kamera ya mabamba. Mtu asiyependa kutembea hawezi kazi hiyo hata siku moja.

Kwa hiyo kupenda kutembea si kosa, na usikubali mtu akuambie uchague. Ila ndani ya lile neno la rafiki yako kuna kitu cha kweli, na nimekiona kwenye picha zako mbili za kwanza. Nitakifikia. Kwanza tumalize la kichuguu, kwa sababu hilo ni hesabu tu, halina uhusiano na kipaji.

Tuseme pale uliposimama, mlima wako ulichukua nyuzi 10 za upana mbele ya macho yako. Hiyo si haba, mlima wa namna hiyo unaujaza moyo. Lenzi ya milimita 24, kwenye kamera ya fremu kamili (yaani ile ambayo sensa yake, kibamba kinachopokea mwanga, ni milimita 36 kwa 24), inaona nyuzi 74 hivi kwa mlalo. Ukipiga hesabu, mlima unapata kama asilimia 12 ya upana wa picha. Asilimia 88 iliyobaki umeigawia anga tupu na vichaka ambavyo hata hukumbuki kama vilikuwepo. Ungetumia milimita 85, inayoona nyuzi 24 tu, mlima ule ule, kutoka pale pale, ungechukua karibu asilimia 41. Ulipokuwa umesimama, akili yako ilishafanya kazi ya milimita 85: ilivifuta vichaka, ikausogeza mlima. Kamera haikuambiwa. Sasa unataka kununua lenzi pana zaidi ya 24! Ukifanya hivyo kichuguu kitakuwa punje.

Kabla ya kununua chochote, kata kadibodi. Toboa katikati yake dirisha la mstatili, milimita 72 kwa 48, mara mbili kamili ya sensa ya fremu kamili. Funga jicho moja, shika kadibodi mbele ya jingine. Ikiwa sentimita 5 hivi kutoka jichoni, unaona kile itakachoona lenzi ya milimita 24. Ukiisogeza hadi sentimita 10 inakuwa lenzi ya 50. Ukifika sentimita 17 ndiyo 85, na sentimita 20 ni 100. Ni jiometri, haina uchawi. Mimi ninayo moja imechakaa hadi kona zimelegea, nimeiandika vipimo kwa kalamu nyuma, na huwa naitumia nusu saa nzima kabla kamera haijatoka begini. Utashangaa ni mara ngapi picha uliyodhani ni ya sentimita 5 kumbe ilikuwa ya 20.

Basi tuje kwenye lile la rafiki yako. Picha yako ya kwanza na ya pili ni picha za kufika. Naona mahali ambapo njia imeishia, naona umetoka kwenye miti ghafla ukakutana na uwazi, ukashusha pumzi, ukainua kamera. Furaha ipo, lakini ni furaha ya miguu. Sasa fikiria: njia ile ilikuleta wewe pale pale ilipomleta aliyekutangulia na itakapomleta atakayekufuata. Mnafika wote mmoja mmoja, na kila mtu anainua kamera akiwa bado anahema. Kwenye maeneo maarufu ukiinama utakuta ardhi imetobolewa vishimo vitatu vitatu na miguu ya tripodi. Picha zenu zisifanane kwa nini?

Ukienda mbali zaidi utapata kufika kwingine. Kutakupa furaha, sikatai, na kutakupa picha nyingine ya kufika.

Sikwambii uizuie ile picha ya kwanza. Wapo walimu wanaosema kamera ikae begini mpaka roho itulie. Mimi nilijaribu, nikaishia kuiwazia ile picha muda wote nikashindwa kuona kingine. Siku hizi naipiga. Naipiga haraka, kama mtu anayelipa deni, kisha narudisha kamera ndani, natoa daftari. Kuanzia hapo kasi inabadilika. Mtembezi anauliza kuna nini mbele. Mpiga picha ameshajua atabaki hapo hapo, kwa hiyo anauliza kitakachotokea: mwanga utatoka wapi, kivuli kitaondoka saa ngapi, maji haya yakipungua patabaki nini.

Daftari langu halina ushairi wowote. Hiki hapa kipande cha ukurasa mmoja, nakinakili kama kilivyo: "Jabali jekundu. Uso wake kaskazini-mashariki. Saa 12:40 asubuhi nusu ya chini bado kivulini. Mti mkavu kushoto unaharibu. Ukishuka hatua 15 mti unajificha. Rudi Juni." Hayo ndiyo mavuno ya safari nzima ya siku mbili. Picha niliyorudi nayo siku hiyo ilikuwa takataka.

Kwa nini Juni? Hapo nina kovu. Miaka ya mwanzo niliona picha ya mtu, jua linachomoza katika ufa kati ya vilele viwili, mwale umeshuka mpaka bondeni. Nikapatafuta mahali penyewe hadi nikapajua. Nikaamka saa 8 usiku, nikapanda gizani kwa tochi ya kichwani, nikafika kabla ya wakati, nikatandaza vitu vyangu nikijiona fundi. Jua likachomoza kushoto kabisa, nyuma ya bega la mlima, kwenye kichaka. Ule ufa ulibaki kivulini. Mwenye picha ile aliipiga Desemba, mimi nilikwenda Juni. Kila mtu anajua jua linahama, ila nilikuwa sijawahi kujiuliza linahama kiasi gani. Kwenye ikweta penyewe, mahali linapochomoza husogea nyuzi 23 na nusu kaskazini ya mashariki mwezi Juni, na nyuzi hizo hizo kusini yake mwezi Desemba, jumla nyuzi 47. Ukienda mbali na ikweta tofauti inazidi kuwa kubwa. Siku hizi programu za simu zinakuonyesha mstari wa jua juu ya ramani kwa tarehe yoyote, na hakuna sababu ya kurudia ujinga wangu. Lakini ujinga ule ndio ulionipa daftari.

Nikwambie sasa habari ya Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, na usiichoke kwa sababu jina lake limekwisha kutajwa sana. Watu huisimulia habari yake kuanzia kileleni. Mimi napenda kuanzia mwaka 1916, alipokwenda Yosemite kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 14 na kamera ndogo ya Kodak aina ya Brownie. Alirudi tena na tena. Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda na wenzake, akiwemo mchumba wake, hadi kwenye mwamba uitwao Diving Board, unaokabili ukuta wa Half Dome, mlima wa jabali ulioko Yosemite. Aliondoka na mabamba 12 ya kioo. Alipofika kwenye picha aliyoitaka yamebaki mawili. La kwanza alilipiga kwa kichujio cha njano, yaani kioo cha rangi mbele ya lenzi, kama alivyozoea kila mtu. Kisha akasita. Akaona kwamba bamba lile litatoa ukuta kama ulivyo, na anga la kawaida, wala halitatoa uzito aliokuwa akiuona pale. Akafunga kichujio chekundu kizito, kinachozuia buluu, akapiga bamba la mwisho kwa sekunde 5. Anga likatoka karibu jeusi na mwamba ukasimama mbele yake kama unataka kumwangukia mtu.

Ndiyo picha tunayoijua. Watu husifu kichujio. Mimi naitazama ile miaka 11 kati ya 1916 na 1927. Kijana wa miaka 14 angepiga picha ya kufika, na bila shaka alizipiga nyingi. Huyu wa miaka 25 alikuwa ameuona ukuta ule kwa theluji, kwa jua la mchana, kwa mawingu, na kwa sababu hiyo aliweza kujua, kabla ya kusafisha bamba, kwamba la kwanza limekosea. Hilo ndilo unalolikosa wewe. Hujakaa na mahali pamoja vya kutosha kiasi cha kuweza kusema: hapana, hapa hapako hivi.

Najua utaniuliza, vipi zile picha za bahati, za mtu aliyepita tu? Zipo. Adams huyo huyo, tarehe 1 Novemba 1941, alikuwa barabarani New Mexico jioni, akauona mwezi umetoka juu ya kijiji cha Hernandez na jua la mwisho limegonga misalaba ya makaburini. Akasimamisha gari, akahangaika kutafuta kipima mwanga, hakukiona. Lakini alikuwa anaujua mwangaza wa mwezi kwa tarakimu, ameuweka kichwani, akapiga hesabu kutokea hapo. Akapata picha moja. Alipogeuza kishikio cha filamu apige ya pili, mwanga ulikuwa umekwisha kuondoka kwenye misalaba. Hiyo nayo huitwa bahati. Halafu akaichapa picha ile kwa miaka mingi, akizidi kulitia giza anga kadiri alivyozeeka, na mwaka 1948 akairudisha negativu kwenye dawa ili kuipa nguvu sehemu ya chini. Mtu anapokuambia kuhariri picha ni kudanganya, mwulize basi ni chapa ipi kati ya hizo iliyokuwa ya kweli.

(Pamoja na hayo, kwenye picha yako ya pili umevuta kijani mpaka nyasi zinaonekana za plastiki. Irudishe. Kosa si kuhariri, ila ulikuwa unajaribu kununua kwa rangi kile ambacho mwanga wa saa 6 mchana haukukupa.)

Hilo la saa linastahili maneno kidogo, kwa sababu mafunzo mengi mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na hawasemi. Wanakwambia jua likizama una muda mrefu wa mwanga laini, keti, kunywa chai, subiri. Jua huonekana likienda nyuzi 15 kwa saa. Karibu na ikweta linashuka karibu wima, kwa hiyo kutoka kuzama hadi kufika nyuzi 6 chini ya upeo, pale rangi ya buluu inapokuwa nzito, ni kama dakika 24. Kwenye latitudo ya 60, wakati mchana na usiku vinalingana, linashuka kwa mshazari na muda ule ule unakuwa mara mbili. Ukiwa karibu na ikweta, usingoje uone rangi ndipo ufungue tripodi. Kila kitu kiwe kimekwisha kupangwa, fokasi imeshikwa, nusu saa kabla. Mimi zaidi ya hapo napenda alfajiri kuliko machweo. Asubuhi hewa imetulia na maji hayana mawimbi. Kuna sababu nyingine nayo nitakiri: hakuna watu.

Nina kona moja ya mto. Sitasema iko wapi. Nilijifunza kwa uchungu kwamba mahali padogo pakitajwa hapabaki padogo. Mtu akipita haoni kitu. Kuna gogo limelala kutoka ukingo mmoja mpaka katikati, limevuliwa magamba na maji, na nyuma yake maji yanazunguka polepole. Mara ya kwanza nilipita, nikaandika mstari mmoja. Mara ya tatu nikaona kwamba mto ukiwa umejaa, povu linakusanyika kwenye ule mzunguko na kujisokota, duara ndani ya duara. Mara ya sita au ya saba nikagundua mwanga wa asubuhi unapenya kati ya mashina mawili ng'ambo na kuligusa gogo kwa dakika chache tu, kwanza kwenye ncha, kisha unatambaa kulielekea shina, halafu unazimika. Kumbe sasa nina vitu viwili vinavyotakiwa kukutana: mto uliojaa, na asubuhi isiyo na wingu upande ule. Mvua ya usiku ikifuatwa na anga safi. Hilo halitokei mara nyingi.

Nilikwenda mara 19. Kwenye ile ya 19 nilitumia mwendo wa shata (muda ambao kamera inaacha mwanga uingie) wa sekunde 8, kwa sababu sekunde 1 inaacha povu likiwa madoadoa na sekunde 30 inalifuta na kulifanya maziwa; 8 inaacha nyuzi nyeupe zinazofuatana. Nilikuwa nimekwisha kujaribu yote hayo siku mbaya, siku ambazo hazikuwa na picha. Mwanga ulipofika sikuwa na swali hata moja. Fremu sita, mwanga ukaondoka, nikakaa pale juu ya jiwe miguu imelowa.

Sijawahi kuvumbua mahali kama nilivyoivumbua ile kona, na nimekwenda mbali kweli. Ndiyo maana sitaki uache uvumbuzi. Nataka ujue kwamba kuna uvumbuzi ambao hauanzi mpaka umefika mara ya nne.

Wapo pia waliovumbua kwa kukimbia, na nisipowataja utasema nakuficha. Galen Rowell alikuwa mpanda milima, na picha yake ya upinde wa mvua juu ya jumba la Potala huko Lhasa, Tibet, ya mwaka 1981, aliipata kwa kukimbia. Upinde hauna mahali pake. Unakaa kinyume cha jua na unahama na anayeutazama. Yeye alijua hivyo, akapiga mbio, kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,600, mpaka upinde ukaangukia pale alipotaka. Ila angalia alichokifanya: hakukimbilia kitu kilichokuwepo. Alikimbilia mahali ambapo vitu viwili vingekutana, na alipajua kabla ya kupaona. Yale yale ya gogo langu, ila kwa mapafu mazima zaidi.

Na Peter Dombrovskis, mpiga picha wa kisiwa cha Tasmania huko Australia, alifanya yote mawili. Alishuka Mto Franklin, mto mkali wenye magenge, akabeba kamera kubwa ya filamu za bapa, ambayo kuifungua, kuifunika kitambaa na kuifunga ni kazi ya subira. Picha yake ya kona ya kisiwa cha mwamba chini ya ukungu wa asubuhi ilichapishwa magazetini kabla ya uchaguzi wa Australia wa 1983, wakati palipangwa kujengwa bwawa mtoni humo. Bwawa halikujengwa. Dombrovskis alifia milimani mwaka 1996, akiwa kazini. Hilo la mwisho nalisema kwa sababu kwenye barua yako umeandika kwa kujisifu kidogo kwamba huwa humwambii mtu unakokwenda. Acha mara moja. Andika njia na saa ya kurudi, mwachie mtu atakayehangaika usiporudi. Na jiwekee saa ya kugeuza ambayo hata mwanga uwe mtamu namna gani hutaivuka.

Sasa kazi. Nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kutoka tena. Chagua picha 40 katika miaka yako minne, zichape ndogo ndogo, karatasi yoyote, zitandaze sakafuni. Ondoa kila picha unayoipenda kwa sababu ya safari yenyewe: ulivyochoka, uliyekuwa naye, baridi iliyokupata. Hapo utaumia, zitaondoka nyingi. Zinazobaki zitazame kwa siku kadhaa ukiwa unapita, usizikodolee. Nilipofanya hivyo mimi zilibaki 9, na saba kati yake zilikuwa na maji yaliyosimama au yanayozunguka. Hakukuwa na machweo hata moja, na mimi nilikuwa najitambulisha kwa watu kama mpenda machweo! Sikuchagua kupenda maji yaliyotulia, nilikuta nayapenda tayari. Watu huita hiyo mtindo, na hutafuta kuutengeneza. Mimi nauona kama alama ya kiatu: huioni mpaka ugeuke nyuma.

Kuhusu kuiga, usijitese. Ile picha ya ufa kati ya vilele niliyoikosa, nilirudi Desemba nikaipata, inafanana na ya yule mtu kama mapacha. Nilijifunza mengi kwayo, haijawahi kutoka kwenye droo.

Nimeiacha picha yako ya tatu mwisho makusudi, ile uliyoiombea radhi. Nimeitazama kuliko nilivyozitazama zile mbili pamoja. Jiwe karibu na kiatu chako, limechanika katikati, na kwenye ufa kuna maji ya mvua yaliyobaki, kama kiganja kimoja tu. Ndani ya maji hayo kuna kipande cha anga na ncha ya mlima ule ule uliokushinda kwenye picha ya kwanza. Nyuma, mlima wenyewe umefifia. Ulikuwa umekaa, ulikuwa huhemi tena, hukuwa ukitafuta kitu. Ndiyo picha pekee kati ya tatu ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine.

Ina makosa, na yanarekebishika. Jiwe limetoka na ukungu kwa sababu fokasi ilishika mlima. Kwa lenzi hiyo yako ya 24, ambayo hapa ndipo mahali pake hasa, weka tundu la lenzi kwenye f/11, shika fokasi kama mita 1 na sentimita 75 mbele yako. Kila kitu kuanzia sentimita 90 hadi upeo wa macho kitatoka safi. Jiwe lisogee kwenye umbali huo, yaani wewe urudi nyuma hatua. Kisha ushuke chini mpaka ncha ya mlima iingie yote majini, kwa sababu sasa hivi umeikata. Huenda ukalazimika kulala kifudifudi. Ukitumia kichujio cha polaraiza, kile kinachopunguza mng'ao wa maji, kizungushe taratibu sana, kisije kikakufutia taswira yenyewe ya majini unayoitafuta.

Ulisema ulipiga saa 10 jioni, na mlima uko upande wa jua linapozama, ndiyo maana umefifia. Asubuhi utawaka, na maji kwenye ufa yatakuwa bado kivulini, kwa hiyo taswira ya mlima majini itasoma vizuri zaidi. Unahitaji mvua ya usiku, ufa ujae, na alfajiri isiyo na upepo. Mara ya kwanza utakuta ufa umekauka. Usimwage maji ya chupa humo, ngoja. Chukua daftari, uandike mlima unapata mwanga saa ngapi na unaanzia wapi. Ukifika mara ya nne niandikie tena, na hiyo barua usiambatanishe picha, nitumie ukurasa wa daftari.